Mshahara Kwanza, Mashabiki Baadaye

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mmoja wa wanamichezo wawili walioibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi alikuwa Mercy Moim, mchezaji wa voliboli. Miaka mitatu baadaye, jijini Paris, bendera hiyo ilibebwa tena na mchezaji wa voliboli, Triza Atuka, akiwa bega kwa bega na mwanariadha Ferdinand Omanyala. Nchi hii hujulikana kwa wakimbiaji wake, na Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, kusema kweli, hawakushinda mechi hata moja Tokyo wala Paris. Hata hivyo sikumsikia mtu akinung'unika kwamba heshima imepewa asiyestahili. Timu hii imekwenda Olimpiki mara nne, tangu Sydney mwaka 2000 na Athens mwaka 2004, na imekuwa ikitawala Afrika, kwa vipindi, tangu miaka ya tisini. Imedumu, na katika michezo ya wanawake kudumu ni kazi ngumu kuliko kushinda.

Sababu ya kudumu huko haina mvuto mkubwa, na labda ndiyo maana haizungumzwi: wachezaji hao wameajiriwa. Moim alitoka Kenya Prisons, timu ya Idara ya Magereza, na Atuka alitoka Kenya Pipeline, timu ya shirika linalosafirisha mafuta kwa bomba. Ukiongeza KCB ya benki na DCI ya wapelelezi, umekwisha kuzitaja timu zinazogombea ubingwa wa ligi yetu mwaka baada ya mwaka. Hakuna hata moja inayoishi kwa kiingilio, wala kwa haki za televisheni, wala kwa kuuza jezi. Inapozungumzwa habari ya kukua kwa michezo ya wanawake duniani, huwa tunaonyeshwa viwanja vilivyofurika, kisha tunaangalia kumbi zetu za Kasarani na Nyayo zilizojaa nusu, au robo, na kujiona tumeachwa nyuma. Mimi naona tumetangulia katika jambo moja, nalo ndilo msingi wa mengine yote, ingawa tumekaa juu ya msingi huo miaka mingi mno bila kupandisha ukuta.

Pale mtaani kwetu Buruburu anaishi dada mmoja aliyechezea timu ya kikosi kimoja cha serikali kwa muda mrefu, akiwa seta, yaani anayewainulia wenzake mpira wapige. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Alitolewa kijijini na voliboli ya shule ya upili, akaonwa na kocha kwenye mashindano ya kitaifa ya shule, akaitwa kwenye usajili wa askari, akapita mafunzo ya kuruta kama wenzake wote, ndipo akakabidhiwa mpira. Njia hiyo wasichana wengi wa Mukumu, Kwanthanze, Lugulu na Cheptil wanaijua vizuri, na walimu wa michezo wa shule hizo wanaijua zaidi. Asubuhi mazoezi, mchana zamu ya ofisini pale ligi inapokuwa haijapamba moto, mwisho wa mwezi mshahara. Nilimuuliza siku moja kama hakuwahi kutamani kucheza mbele ya uwanja uliojaa watu, kama wale anaowaona kwenye televisheni.

"Mdogo wangu," aliniambia huku akikunja nguo za watoto, "makofi hayalipi kodi ya nyumba. Mimi nilikuwa na bima ya hospitali, nilikuwa na sacco. Shamba la mama nimelinunua kwa mkopo wa sacco."

Jibu hilo lilinikera kidogo, kwa sababu nilitaka aseme jambo la kishujaa zaidi. Nikalichukua hivyo hivyo nikaenda nalo nyumbani, na kadiri nilivyosoma historia ya michezo ya wanawake kwingineko, ndivyo nilivyoona kwamba yeye ameielewa kuliko waandishi wengi wanaolipwa kuiandika.

Chukua Marekani. Mwaka 1999 fainali ya Kombe la Dunia la soka la wanawake ilichezwa katika uwanja wa Rose Bowl, California, mbele ya watu 90,185. Kwa umati kama huo, nani angeshuku kwamba wakati umefika? Ligi ya kulipwa, WUSA, ikaanzishwa mwaka 2001 kwa mamilioni ya dola, na mwaka 2003 ikafungwa baada ya misimu mitatu tu. Ikaja nyingine, WPS, mwaka 2009, nayo ikacheza misimu mitatu ikafa. Ile ya tatu, NWSL, ilianza mwaka 2013 na ingali hai, na leo klabu zake zinasajili wachezaji kwa bei ambazo hazikufikirika. Rachael Kundananji wa Zambia alipohamia Bay FC mwaka 2024 aliweka rekodi ya dunia ya ada ya uhamisho kwa mchezaji wa kike. Ni nini kilichoiokoa ligi hiyo mwanzoni? Mashirikisho ya soka ya Marekani, Kanada na Meksiko yalikubali kuwalipa mishahara wachezaji wa timu zao za taifa na kuwagawa katika klabu. Kwa maneno mengine, mwajiri asiyetegemea kiingilio alibeba mzigo hadi mashabiki walipozoea njia ya kwenda uwanjani. Hata Uingereza, kabla ya kuijaza Wembley kwa watu 87,192 kwenye fainali ya Euro ya mwaka 2022, chama cha soka kilianza mwaka 2009 kwa kuwapa wachezaji wachache wa timu ya taifa mikataba ya pauni 16,000 kwa mwaka. Si pesa za kutajirika London, lakini ilitosha kumtoa mchezaji kwenye kazi ya duka.

Kwa hiyo ule mfumo wetu wa Pipeline na Prisons, ambao wadau wengine huutaja kwa aibu kana kwamba ni masalio ya zamani, ndio huo huo uliowavusha wenzetu. Tofauti ni kwamba wao waliutumia kama daraja, sisi tumeufanya makao.

Faida yake kubwa inaonekana pale mchezaji anapopata mimba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini. Sheria hiyo haimtaji mchezaji, na haikuwa na haja ya kumtaja. Karani anayecheza voliboli ni mfanyakazi kama wengine, na askari, ambaye sheria hiyo haimgusi, hufuata kanuni za utumishi za kikosi chake. Sasa linganisha. FIFA ilianza kuzibana klabu kuhusu likizo ya uzazi Januari 2021, na kiwango ilichoweka ni wiki 14 kwa angalau theluthi mbili za mshahara. Katika riadha, wakimbiaji wa Marekani kama Alysia Montaño na Allyson Felix walilazimika kusimama hadharani mwaka 2019 kueleza jinsi mikataba ya viatu ilivyowaadhibu kwa kuzaa, ndipo kampuni ya Nike ikabadilisha masharti na kuahidi kutopunguza malipo ya mwanariadha kwa muda wa miezi 18 inayozunguka ujauzito. Jirani yangu yule alizaa mara mbili akiwa mchezaji. Alirudi, akapigania tena nafasi yake uwanjani, akaipata mara ya kwanza, ya pili akaikosa, lakini mshahara haukukatika hata siku moja. Ile nafasi aliyoikosa bado inamuuma. Alinionyesha kwa vidole jinsi yule msichana aliyemrithi alivyokuwa akiinua mpira juu mno, nao wapigaji wakichelewa.

Ukitaka kuona utamaduni uliozaliwa na mfumo huu, nenda ukumbi wa Nyayo siku Prisons wanapokutana na Pipeline. Utakuta upande mmoja wa jukwaa umekaliwa na askari magereza wenyewe, wengine na sare, wakiongozwa na mtu mwenye ngoma na mwingine mwenye tarumbeta, wakiimba nyimbo za kambini zenye maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Mbele yao kuna wanawake wenye watoto mgongoni, wake wa wachezaji wa timu ya wanaume au wachezaji wastaafu, wanaolijua jina la kila mtu, na wanaomkemea refa kwa jina lake la utani. Mpira unapodondoka na jasho kuachwa sakafuni, libero mwenyewe, yule mlinzi wa nyuma, huinama na kufuta kwa taulo aliyoichomeka kiunoni, kisha anarudi kwenye nafasi yake kabla filimbi haijalia. Seti ya tano ikifika, ngoma inanyamaza. Hapo utasikia kila agizo la seta, kila jina linaloitwa, na mlio wa raba zikikwaruza sakafu. Ni burudani ya hali ya juu, na mara nyingi mlangoni hakuna anayekuuliza tiketi, jambo ambalo wengi husema ni ukarimu, ila mimi naliona ni dalili ya ugonjwa.

Nitaufikia ugonjwa huo. Kwanza kuna njia ya pili ambayo mwanamke wa Kenya amepitia kuingia katika michezo ya kulipwa, nayo ni mbio. Huko usawa ulikuja mapema: Boston Marathon imewalipa washindi wa kike na wa kiume zawadi sawa tangu ilipoanza kutoa pesa mwaka 1986, wakati Wimbledon, pamoja na ustaarabu wake wote, ilisubiri hadi mwaka 2007. Faith Kipyegon, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500 mfululizo, ya mwisho akiwa tayari mama kwa miaka sita, na Beatrice Chebet, wa kwanza kati ya wanawake kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, hawashindani na wanaume kwa mapato kwa kuonewa huruma. Wanalipwa kwa sababu saa haijui jinsia.

Lakini pesa za zawadi huja kwa mkupuo, huja kwa jina la mtu mmoja, na mara nyingi hupitia mikononi mwa mume ambaye pia ni kocha, meneja na mwenye saini benki. Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee mwezi mmoja tu kabla, aliuawa nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji hayo. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa akiishi Trans Nzoia, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa, kukiwa na mgogoro wa ardhi. Wenzake Tirop waliunda Tirop's Angels ili kuwasaidia wakimbiaji wanaonyanyaswa, na kazi wanayoifanya ni ya lazima. Sidai kwamba hati ya mshahara ingewaokoa. Ukatili wa majumbani hauchagui kipato, na wanawake wenye ajira nzuri wanauawa pia Nairobi hii. Ninachosema ni kwamba mwanamke ambaye chama chake, mwajiri wake, wenzake wa kambini na afisa anayemsimamia wote wanamtarajia saa moja asubuhi ana watu watakaouliza mapema akikosa kuonekana. Mkimbiaji aliye peke yake na saa yake barabarani hana hao. Catherine Ndereba, aliyeshinda Boston mara nne, alikuwa na vyote viwili: pesa za mbio na kazi ya Magereza. Makocha wa Bonde la Ufa huwashauri wasichana wajiunge na polisi au jeshi hata wakiwa na kasi ya ajabu, na zamani nilidhani huo ni uoga wa kijijini. Ni hekima.

Soka ni habari nyingine, na hapa ndipo ukosefu wa msingi unapoonekana kwa macho. Harambee Starlets, timu ya taifa ya soka ya wanawake, walicheza Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2016 kule Cameroon, kisha wakasubiri karibu miaka kumi kabla ya kuitoa Gambia Oktoba 2025 na kufuzu tena. Katikati ya kusubiri huko, mwaka 2024, wasichana wadogo wa Junior Starlets, wengi wao wakiwa wanafunzi wa sekondari, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na kule Jamhuri ya Dominika wakaifunga Meksiko. Fikiria: nchi iliyomwaga pesa na machozi kwa Harambee Stars, timu ya wanaume, tangu uhuru ilifikishwa Kombe la Dunia na mabinti wa chini ya miaka 17 chini ya kocha Mildred Cheche. Na wakimaliza shule wanakwenda wapi? Wachache wataingia Kenya Police Bullets ya polisi au Ulinzi Starlets ya jeshi, ambako mfumo wa ajira umeanza kufika soka. Wengine watacheza katika klabu ambazo mechi huchelewa kwa sababu gari la wagonjwa halijafika, na bila gari hilo refa hapulizi filimbi, au hazichezwi kabisa kwa sababu wageni wamekosa nauli na pointi zinatolewa za bure. Nimekaa uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, nikiwatazama wachezaji wakipasha misuli moto, wakapoa, wakapasha tena, huku katibu wa klabu akizunguka na simu sikioni.

Hapo utaelewa kwa nini Jentrix Shikangwa alivuka mpaka kwenda Simba Queens. Watanzania wamefanya jambo ambalo sisi tumelikwepa: wametundika timu za wanawake kwenye majina ambayo tayari yana mashabiki. Mtu wa Simba ni wa Simba hata timu ikicheza bao, na Yanga Princess inapokutana na Simba Queens utani wa jadi unakuja wenyewe, bila tangazo.

Na huo ndio ugonjwa wa mfumo wetu niliouahirisha. Nani ni shabiki wa Kenya Pipeline? Wafanyakazi wa Pipeline, ndugu za wachezaji, na watu wachache wenye kichaa cha voliboli kama mimi. Timu ya mwajiri haina mtaa, na timu isiyo na mtaa haina wa kuililia siku mwajiri anapobadili mawazo. Timu ya hoki ya wanawake ya Telkom ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi kiasi kwamba magazeti yalichoka kuandika. Kampuni ilipoondoa mkono wake, wachezaji wakabaki wakijiita Blazers na kutafuta pesa za kwenda kutetea taji lao wenyewe. Hakukuwa na maandamano City Park, kwenye uwanja wa hoki. Hilo si jambo la Kiafrika peke yake. Mwaka 1920, siku iliyofuata Krismasi, wasichana wa kiwanda cha Dick, Kerr cha Preston, Uingereza, walicheza soka Goodison Park mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata chama cha soka kikawapiga marufuku wanawake kwenye viwanja vya wanachama wake, marufuku iliyodumu karibu nusu karne, na baadaye kiwanda nacho kikajitenga na timu. Wao walau walikuwa na umati, ulinyang'anywa. Sisi hatujawahi kuuita.

Kuuita hakuhitaji mabilioni. Kwanza ni kuacha kuendesha ligi kama siri ya ofisini. Ratiba ya voliboli hutoka siku chache kabla ya mechi, hubadilishwa usiku, na mara nyingi raundi nzima hubanwa katika ukumbi mmoja wikendi moja, timu zikifuatana tangu asubuhi hadi jioni kama kesi mahakamani. Shabiki wa Umoja au Kawangware anayetaka kupanga Jumamosi yake hawezi. Pili ni kutoza kiingilio, hata kama ni cha bei ya soda, na kukigawa na wachezaji, kwa kuwa kitu cha bure mtu hukitazama kwa jicho moja, na kwa kuwa mchezaji anayepata hata asilimia ndogo ya getini atakuwa wa kwanza kuwaleta watu. Tatu, na hapa najua maafisa watanuna, ni kuyaachia majina. Prisons iko Nairobi miaka yote hii. Kwa nini isicheze nusu ya mechi zake katika ukumbi wa mtaa mmoja, jezi ikiwa na jina la mtaa huo chini ya nembo ya Magereza, watoto wa pale wakiingia bure na kufundishwa kupokea mpira kila Jumatatu?

Mwajiri aendelee kulipa mshahara. Simuombi hata mmoja wa wachezaji hawa aache namba yake ya kazi kwa ahadi ya umati ambao haujaja, na jirani yangu angenifukuza nyumbani kwake nikithubutu. Lakini klabu ya kwanza itakayobandika ratiba ya msimu mzima Januari, na kuiheshimu, itanikuta getini na pesa mkononi, na nitakuja na jirani, watoto wake na yule shemeji yake anayeapa kwamba mchezo ni soka ya Uingereza peke yake.